Nani Aligawa? Mwongozo wa Kupima Hatua za Afya kwa Jaribio Asilia

Serikali ikipiga marufuku uvutaji wa sigara mikahawani, au mamlaka ya maji ikilaza bomba mpaka shehia tatu na kuiacha ya nne, au wizara ikifuta malipo ya kujifungua hospitalini, haupiti muda mrefu kabla watu hawajauliza kama jambo hilo limewafaa au limekula fedha bure. Na aghalabu atakayeulizwa ni wewe, msomaji, uliye katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya au katika chumba cha mwanafunzi wa shahada ya pili, ambaye hukuitwa siku amri ilipoandikwa wala hukupewa nafasi ya kuamua nani atangulie kupata na nani asubiri. Tabibu anayejaribu dawa mpya hutupa kura, huyu apewe dawa, yule apewe kidonge kisicho na kitu; na kwa kuwa kura haina upendeleo, tofauti itakayoonekana mwishoni baina ya makundi mawili huweza kuhesabiwa kuwa ni athari ya dawa. Wewe kura hukuitupa. Mgao umekwisha kufanywa na mwingine, awe waziri, mhandisi, mafuriko au tarehe ya kuzaliwa, nawe umeachiwa kuusoma kama mtu asomavyo nyayo juu ya mchanga kabla maji hayajajaa.

Kazi hiyo ya kusoma mgao usiokuwa wako huitwa jaribio asilia. Jina lenyewe lina kasoro, maana laweza kumdanganya mtu adhani kwamba maumbile ndiyo yaliyotenda, ilhali mara nyingi aliyetenda ni binadamu mwenye kalamu na muhuri. Maana yake hasa ni kwamba mtafiti hakutenda. Mwaka 2012 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa mwongozo wake juu ya kuzitathmini kwa njia hii hatua za afya ya jamii, au afua kama zinavyoitwa siku hizi maofisini, na elimu hii imepata wafuasi wengi na istilahi nyingi zaidi. Istilahi nitazitaja kwa uchache. Nimeona vijana wanaojua majina ya mbinu zote nao hawawezi kujibu swali moja ambalo, kwa rai yangu, ndilo mlango wa nyumba nzima: nani aligawa, na kwa hoja gani?

Sijaona aliyelijibu swali hilo kwa ufundi kumshinda tabibu John Snow katika jiji la London mwaka 1854. Wengi humkumbuka kwa pampu ya maji ya Broad Street, iliyohusishwa na kipindupindu, ambayo mpini wake uliondolewa mwezi wa Septemba mwaka huo; ni kisa kitamu cha kusimulia, walakini kwa mpangaji wa tathmini faida haiko huko. Iko kusini ya mto Thames, ambako kampuni mbili za maji, Lambeth na Southwark and Vauxhall, zilikuwa zimelaza mabomba yao katika mitaa ile ile zamani ziliposhindana kutafuta wateja, hata nyumba moja ikanywa maji ya kampuni hii na jirani yake, kiambaza kwa kiambaza, akanywa ya ile, tajiri kwa maskini, nyumba kubwa kwa ndogo. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1849 zote mbili zilikuwa zikivuta maji ya mto mahali palipochafuliwa na vyoo vya jiji. Mwaka 1852 Lambeth ikahamisha mahali pake pa kuvutia maji, ikapanda mto mpaka Thames Ditton, ambako maji ya kupwa na kujaa hayafiki. Mwenzake akabaki Battersea. Mkazi hakupata maji safi kwa kuwa yeye ni msafi, wala kampuni haikumpa kwa kuwa yeye ni mgonjwa, na wengi hata hawakujua maji wanayokunywa yatoka kwa nani. Mgao wa namna hiyo, usiokuwa na habari ya afya ya mtu kabla ya tukio wala baada yake, ndio mtafiti anaouomba usiku na mchana.

Lakini Snow hakuridhika na kudhani kwamba mgao ni mwema. Alipata anwani za marehemu kutoka ofisi ya usajili wa vifo, akatembea nyumba kwa nyumba akiuliza jina la kampuni, na alipokuta mpangaji hajui na mwenye nyumba yuko mbali, alichukua maji kidogo katika chupa akayapima kwa nitrati ya fedha, kwa sababu maji ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi nyingi mno kuliko ya Lambeth. Baada ya majuma saba ya kwanza ya maradhi hesabu ilisimama hivi: katika nyumba 40,046 za Southwark and Vauxhall vifo 1,263, yaani 315 kwa kila nyumba 10,000, katika nyumba 26,107 za Lambeth vifo 98, yaani 37 kwa kila nyumba 10,000. Fauka ya hayo aliupima mwaka 1854 kwa mwaka 1849: katika vitongoji vilivyohudumiwa na Southwark and Vauxhall peke yake vifo vilipanda kutoka 2,261 hadi 2,458, na katika vile vilivyohudumiwa na kampuni zote mbili vilishuka kutoka 3,905 hadi 2,547. Hesabu hii ya pili, isiyolinganisha hali ya leo tu bali mwendo wa tangu jana hadi leo katika makundi mawili, ndiyo inayoitwa sasa tofauti ya tofauti, na wapo wanaoifundisha kana kwamba ilizaliwa juzi pamoja na kompyuta.

Wala kazi yake haikukosa taksiri. Idadi za nyumba alizozitumia kugawanya vifo alizitoa katika taarifa ya kampuni nzima iliyopelekwa Bungeni, si katika ile mitaa iliyochanganyika peke yake, na kwa hiyo jedwali lake mashuhuri halilinganishi jirani na jirani kwa ukamilifu kama msomaji anavyodhani anapolitazama mara ya kwanza. Nalitaja hili kwa kuwa kilichompungukia si idadi ya vifo, ambayo watu wote huikimbilia, ila idadi ya walio hai. Ukipanga kazi yako, anza na hao: watu wangapi, wa umri gani, walikuwa wakiishi chini ya hatua hiyo na wangapi nje yake, mwezi kwa mwezi; na kama hesabu hiyo haipo mahali popote, ujue mapema kwamba nusu ya fedha zako zitakwenda kuitafuta.

Basi turudi kwenye bomba la shehia tatu. Kabla hujafungua daftari lolote la wagonjwa, nenda kwa mhandisi ukamwulize kwa nini bomba liliishia pale lilipoishia. Akikwambia kwamba mabomba yaliyoagizwa yalikwisha, au kwamba mwamba ulikuwa mgumu kuchimbwa, mshukuru Mungu, kwa kuwa mwamba haujali nani anaharisha. Akikwambia kwamba zile tatu zilitangulizwa kwa sababu mwaka uliopita zilipatwa na kipindupindu, shika hadhari kubwa, maana mwaka wa msiba aghalabu hufuatwa na mwaka wa kawaida hata pasipofanywa kitu, na mtu asiyeijua dasturi hiyo ya hesabu atalisifu bomba kwa kazi iliyofanywa na mwenendo wa miaka. Na akikwambia kwa sauti ya chini kwamba mkubwa mmoja ana shamba upande ule, usilikatae jibu hilo kwa kuona haya, bali liandike. Maana upendeleo huwaendea wenye barabara, shule na jamaa mjini, na hao afya zao hupanda kwa sababu nyingine nyingi zisizohusu maji. Omba muhtasari wa kikao kilichoamua, omba ramani ya kwanza kabla haijabadilishwa, uliza nani alilalamika na malalamiko yake yalifika wapi. Siku mbili za mazungumzo ya namna hii zina thamani kuliko miezi miwili ya hesabu, nami nimejifunza kwamba wahandisi, wakipata mtu wa kuwasikiliza, hupenda sana kusimulia.

Ukishaujua mgao, andika katika ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo mama yako angeyafahamu, njia ambayo hatua hiyo itapita mpaka ifike mwilini mwa mtu, na muda itakaouchukua. Marufuku ya moshi yaweza kuonekana katika maradhi ya moyo kwa miezi michache, lakini saratani ya mapafu hungoja miongo. Maji safi hupunguza kuhara kwa majuma, bali kimo cha mtoto hukitazami kabla ya miaka. Ukurasa huo utakulazimisha pia kuamua siku ya kwanza ni ipi, jambo ambalo huonekana jepesi mpaka ulijaribu: je, ni siku sheria ilipotiwa sahihi, au siku ilipotangazwa redioni, au siku askari alipomtoza mtu wa kwanza faini? Kodi ya soda ikitangazwa miezi mitatu mapema wenye maduka hujaza maghala, na mauzo ya miezi hiyo mitatu si kabla wala si baada. Bomba likizinduliwa kwa hotuba na maji yakatoka wiki sita baadaye, wiki hizo sita ni za hotuba.

Sasa tafuta wa kulinganisha naye. Scotland ilipopiga marufuku uvutaji wa sigara katika majengo ya umma tarehe 26 Machi 2006, watafiti waliwahesabu katika hospitali tisa wagonjwa waliolazwa kwa shambulio la ghafla la maradhi ya moyo, miezi kumi kabla ya sheria na miezi hiyo hiyo ya mwaka uliofuata, wakakuta wamepungua kwa asilimia 17. Lau wangekomea hapo, mwenye shaka angesema, na angekuwa na haki, kwamba maradhi ya moyo yalikuwa yakipungua kote kwa dawa na maarifa mapya. Walakini katika nchi ya England, ambako sheria kama hiyo ilikuwa haijaanza kutumika, kupungua kwa muda ule ule kulikuwa asilimia 4. Tarakimu ya 17 peke yake ni habari. Ikisimama karibu na ile ya 4 ndipo inapokuwa hujja. Wa kulinganisha naye si lazima awe pacha, maana pacha hapatikani; lililo lazima ni kwamba kabla ya tukio wawili hao walikuwa wakienda kwa mwendo mmoja, mmoja juu na mwingine chini pengine, lakini sambamba kama reli. Chora mistari ya miaka mitano au zaidi kabla ya tukio, uitazame kwa macho yako mwenyewe, na ikiwa imekwisha kuachana kabla ya tukio, usitafute kanuni ya kuificha aibu hiyo. Tafuta mwenzi mwingine, au changanya wilaya kadhaa kwa vipimo mpaka mchanganyiko wao ufanane na mwendo wa wilaya yako.

Mara nyingine mwenzi hayupo kabisa. Zanzibar ilipoanza kutoa dawa mseto ya malaria bila malipo mwaka 2003, kisha vyandarua vyenye dawa ya kudumu mwaka 2006, neema hiyo ilienea visiwa vyote, na hakuna aliyebaki nje ili apimwe naye. Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 baina ya mwaka 2002 na 2005, na mimi ni katika wanaosadiki kwamba sehemu kubwa ya kupungua huko ni kazi ya dawa. Lakini nikiulizwa mbele ya kadhi ushahidi wangu ni nini, sitataja kushuka huko peke yake. Nitataja vimelea katika damu za watoto, waliolazwa, waliotiwa damu na waliokufa, na nitamwomba atazame kama vyote vilifuatana kwa taratibu inayopasa; nitaleta vipimo vya mvua, kwa sababu ukame nao huua mbu; na nitataka mfululizo wa miezi mingi kabla na baada, si mwaka mmoja huku na mwaka mmoja huko. Shahidi mkuu akikosekana, kusanya wadogo wengi wasiojuana.

Kuna migao mingine ambayo haiko katika ramani bali katika kalenda. Botswana mwaka 1996 iliongeza mwaka mmoja katika masomo ya sekondari ya chini, kutoka miwili hadi mitatu, na mtoto aliyeingia baada ya amri akapata darasa la ziada ambalo kaka yake hakulipata, bila ya yeyote kati yao kuwa na bidii kuliko mwenzake. Watafiti waliolinganisha waliozaliwa mapema na waliozaliwa nyuma kidogo, katika utafiti uliotoka mwaka 2015, walikadiria kwamba mwaka mmoja wa masomo ya sekondari ulipunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa pointi 8.1 za asilimia. Wengine waliutumia mwezi wa Ramadhani, ambao kwa kufuata mwandamo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa jua, na kwa hiyo hauko chini ya masika wala kiangazi. Katika sensa ya Uganda na ya Iraki, Waislamu ambao mimba zao changa ziliangukia mwezi huo walionekana kuwa na uwezekano wa ulemavu ukubwani uliozidi kwa kadiri ya asilimia 20. Watafiti hao hawakujua mama gani alifunga na yupi alitumia ruhusa aliyopewa na dini yake ya kula. Walijua tarehe tu, na wakawa waangalifu kusema walichokipima ni tarehe. Uangalifu huo uuige. Aliyeandikiwa hatua si lazima awe ndiye aliyeitumia, na tathmini yako iamue mapema inawahesabu walioandikiwa au waliotumia, kwa sababu majibu ya maswali hayo mawili hutofautiana mno.

Adui mkubwa wa kalenda ni jambo la pili linaloingia mlango mmoja na la kwanza. Tarehe 1 Juni 2013 Kenya ilifuta malipo ya kujifungua katika hospitali za umma, na ukimpa mwanafunzi grafu ya akina mama waliojifungulia hospitalini atakuonyesha kwa kidole mahali mstari ulipopanda. Mwulize basi nini kingine kilitokea. Siku ile ile yalifutwa pia malipo katika zahanati na vituo vya afya. Mwaka ule ule, baada ya uchaguzi wa Machi, serikali za kaunti zilianza kazi na huduma za afya zikahamia mikononi mwao. Na aliyenyoosha mfululizo wake mbele zaidi alikutana na mgomo wa madaktari uliodumu siku mia moja kuanzia Desemba 2016, kisha wa wauguzi uliokula miezi mitano ya mwaka 2017. Haya hayazuii tathmini. Hospitali za mashirika ya dini, ambazo hazikuwa katika amri ile, zaweza kuwa wa kulinganisha nao kwa sehemu, hali kadhalika huduma ambayo tangu zamani ilikuwa bure, kama chanjo, maana kaunti na mgomo huigusa lakini kufutwa kwa malipo ya uzazi hakuigusi. Ila lazima utengeneze orodha ya matukio kabla ya kuchora grafu, nayo itengenezwe na mtu aliyekuwako: muuguzi mkuu wa wodi ataikumbuka miezi ya mgomo hata ukimwamsha usingizini.

Nimefika kwenye daftari, na hapa naomba wasaa. Takwimu utakazozitumia hazikuandikwa kwa ajili yako. Ziliandikwa na muuguzi mwenye foleni ya watu mlangoni, zikajumlishwa mwisho wa mwezi katika fomu za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya wa Tanzania, zikapanda wilayani na kuingizwa katika kompyuta, na kila kituo katika safari hiyo kina desturi zake. Chukua malaria. Kwa miaka mingi kila homa iliyoingia zahanati iliandikwa malaria na kutibiwa malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani liliagiza kwamba kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka cha tone la damu kilipofika vijijini, homa ambazo jana zilikuwa malaria zikawa homa tu. Mtu aliyegawa vyandarua mwaka kipimo hicho kilipoingia wilayani kwake ataona malaria imeporomoka, atafurahi, ataandika ripoti, na kumbe kilichoporomoka ni maana ya neno. Kwa hiyo, juu ya kila mfululizo unaoutaka, uliza mambo haya: neno hili liliandikwa kwa kipimo au kwa kukisia, na tangu lini, fomu ilibadilishwa mwaka gani, vituo vingapi vilileta taarifa kila mwezi, na sifuri iliyo kwenye jedwali ni sifuri ya kutokuwa na mgonjwa au ya kutokuwa na karani. Hatua yenyewe nayo yaweza kubadilisha uandishi: matibabu yakiwa bure watu huja wengi zaidi, na maradhi yakaonekana kuongezeka kwa sababu tu yameonekana. Kwa hiyo, ikiwezekana, jambo unalolipima lisitegemee mtu kuamua kwenda hospitali. Maeneo yanayofuatiliwa kaya kwa kaya, kama Kilifi tangu mwaka 2000, au Ifakara na Rufiji tangu miaka ya 1990, yana hazina ambayo daftari la zahanati haliwezi kuitoa.

Mtego wa mwisho uko ndani ya mtafiti mwenyewe. Kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990, wilaya za Tanzania zilizosumbuliwa na rovu kwa upungufu wa madini joto zilipelekewa vidonge vya mafuta yenye madini hayo. Ugawaji ukachelewa hapa na kukatika pale, hata katika wilaya moja mtoto wa mwaka huu akawa alikingwa tumboni mwa mama yake na wa mwaka ujao hakukingwa. Ni mgao mzuri, kwa kuwa kuchelewa kwa shehena si upendeleo. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walitangaza kwamba waliokingwa walisoma zaidi ya wenzao kwa kadiri ya mwaka 0.35 hadi 0.56, na wasichana walinufaika kuliko wavulana. Habari hiyo ilisafiri sana, nami niliieneza. Mwaka 2020 wakaja watafiti wengine, wakarudia hesabu ile wakibadilisha mambo madogo yanayokubalika kwa akili, wakaleta na takwimu nyingine, na athari ile haikusimama imara mikononi mwao. Sitaki kuwa hakimu wa kesi hiyo. Nataka utambue maamuzi mangapi yalihitajika kabla ya kuipata tarakimu moja: madini hudumu mwilini miezi mingapi, ugawaji ulioanza Agosti uhesabiwe wa mwaka gani, mtoto asiyejulikana mwezi wake wa kuzaliwa awekwe wapi. Kila uamuzi ulikuwa na majibu mawili au matatu ya haki, na majibu hayo yakizidishwa kwa mengine huzaa mamia ya hesabu, ambazo baadhi yake zitakupendeza na baadhi zitakuudhi.

Dawa yake ni kuandika maamuzi yako kabla ya kuyaona matokeo, kuyatia tarehe, na kuyaweka mahali ambapo huwezi kuyabadilisha kwa siri. Katika karatasi hiyo taja pia mambo yasiyopasa kubadilika: kama maji ya bomba ndiyo yaliyopunguza kuhara, basi mifupa iliyovunjika isipungue, na ikiwa imepungua vilevile, kinachougua ni daftari. Ahidi kwamba utajifanya kama hatua ilianza mwaka mmoja kabla ya kuanza kwake, uone kama hesabu yako itagundua athari ya jambo ambalo halijatokea. Eleza utafanya nini na wanawake wa shehia ya nne wanaovuka mpaka na ndoo zao kuchota kwenye bomba la jirani, maana hao wakichota, shehia ya nne si ya kulinganisha nayo tena kama ulivyodhani. Na ukumbuke kwamba wilaya moja iliyopata na moja iliyokosa ni vitu viwili, hata kama ndani yake mna watu laki mbili. Usimruhusu mtu wa takwimu akuhesabie watu mahali ambapo kilichogawiwa ni wilaya.

Ruhusa na fedha nitazipita haraka. Kutumia takwimu zilizokwisha kukusanywa hakukuondolei wajibu wa kuomba idhini: Tanzania Bara ombi lako litapitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kote majina ya wagonjwa yaondolewe kabla faili haijatoka ofisini. Ama fedha, wafadhili huchukua mwaka kuamua na waziri huchukua usiku mmoja. Kwa hiyo fungu dogo la dharura, linalotosha kumtuma kijana mmoja na simu yenye kamera akapige picha daftari za miaka mitatu iliyopita kabla hazijaliwa na mchwa, lina faida kuliko fungu kubwa litakalofika hatua ikiwa na umri wa miaka miwili. Na kama umepeleleza ukakuta mgao ulifuata ugonjwa wenyewe, wa kulinganisha naye hayupo, na daftari zilibadilishwa mwezi ule ule, mwandikie aliyekutuma kwamba tathmini hii haiwezekani, umweleze kwa nini, na umshauri hatua nyingine ikija aitangulize kwa zamu, wilaya baada ya wilaya, zamu zikitolewa kwa kura.

Hesabu zikikamilika, usizichapishe bado. Zirudishe kwa walioziandika. Niliwahi kukaa na grafu ya zahanati moja ya pwani ambamo mwezi mmoja wa Machi, muda mfupi baada ya maji kufika, kuhara kulikuwa kumeshuka hata kugusa chini, nami nilikuwa nimekwisha kuutungia mwezi huo aya nzima ya sifa. Nikampelekea karani grafu ile, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaitazama kwa kitambo, akauliza mwezi gani huo, akacheka. Daftari la serikali lilikwisha katikati ya Februari, akasema, na jipya halikuletwa mpaka Aprili. Siku hizo waliandika katika daftari la shule la mjukuu wake. Nikamwuliza lilikwenda wapi. Akainuka, akafungua kabati la chanjo ambalo halikuwa tena na chanjo, akalitoa chini ya mafungu ya fomu, jalada lake limepindika kwa unyevu, nasi tukavuta benchi dirishani tukaanza kuhesabu.